Boliti Kuingia Si Breki Kufaa

Dale aling'oa ekseli ya nyuma kwenye gari kubwa lililotupwa, akaifunga na breki zake kwenye gari jepesi la mbio aliloachiwa na marehemu baba yake. Jumamosi, vijana wa mji wao wa Ohio wanapotembeza magari ya zamani, angempakia mchumba wake, Corinne.

"Hizo breki za gari zito, mwanangu," mama yake, Marlys, alisema. "Zitaelewana na za mbele?"

"Boliti zote zimeingia, mama. Breki zisingefaa, boliti zingegoma kuingia."

"Viatu vya baba yako navyo vinakuingia. Kimbia navyo tuone."

Dale akacheka. "Wewe fundi wa mkate wa tufaha, vyuma niachie."

"Sawa. Ila kabla ya Corinne, nipakie mimi."

Wakaenda kwenye uwanja wa maonyesho ya mifugo, mtupu, umelowa mvua. Marlys akafunga mkanda. Gari liliposhika kasi akasema, "Haya, kanyaga breki."

Breki zile za gari zito zikayakaba magurudumu ya nyuma, yakaacha kuzunguka kabla ya yale ya mbele. Mkia ukateleza ukazunguka, gari likasimama likitazama lango waliloingilia.

Dale akazima injini. "Barabarani kungekuwa na lori nyuma yetu," akasema.

"Na Corinne angekaa hapa nilipo."

Jumamosi gari lilibaki nyumbani; Dale na mama yake walikaa kando ya barabara wakitazama magari ya wengine, Corinne katikati yao. Mzazi ukiambiwa boliti zimeingia, omba kwanza kupakiwa uwanjani.