Jengo Lilirudi, Kitanda Hakikurudi

Alhamisi ya Sikukuu ya Shukrani, saa saba na nusu mchana, Rhonda Sobczak alikuwa amepiga magoti katika chumba kidogo, ghorofa ya tatu, akikaza skrubu ya mwisho ya kitanda cha mtoto. Kitanda kilikuwa cha mbao, rangi ya kijani, na droo mbili chini. Alikilipia dukani kidogo kidogo tangu mwezi wa nne, na siku alipomaliza kulipa walimpa kikiwa ndani ya boksi. Alitandika shuka, akaweka mto, kisha akatundika koti jipya la baridi kwenye msumari nyuma ya mlango. Koti lilikuwa saizi ya mtoto wa miaka saba.

Mtoto mwenyewe, Kaylin, hakuwepo. Majira ya baridi yaliyopita yeye na mama yake walilala ndani ya gari wiki tatu, na ofisi ya watoto ikamchukua ikampeleka kwa familia nyingine, mji wa pili. Jaji hakumkemea Rhonda. Alimpa orodha tu: kazi, nyumba yenye joto, nguo za baridi, na kitanda cha mtoto peke yake chenye miguu na matandiko. Alimpa na mwaka mmoja. Kazi Rhonda aliipata, kwenye kiwanda cha vizibo vya chupa pale mjini Erie, zamu ya asubuhi. Nyumba akaipata. Mwaka ulikuwa unaisha Jumanne, na Jumanne hiyo saa nne asubuhi afisa angekuja kukagua. Akikuta kila kitu, Kaylin arudi nyumbani kabla ya Krismasi. Akikuta pengo, mtoto abaki kule moja kwa moja, aitwe kwa jina la kule.

Rhonda alisikia kelele, akatoka rosheni. Rosheni za jengo lile zilikuwa za mbao, zimepangana moja juu ya nyingine. Ya chini yake ilikuwa ya Duane Trask, naye alikuwa amesimama mbele ya sufuria kubwa ya mafuta juu ya jiko la gesi, kamkumbatia bata mzinga kama mtoto mchanga. Watu wa kule sikukuu hiyo hula bata mzinga, na kila mwaka hakosekani mwanamume anayeona oveni ni ya wanawake.

"Duane," Rhonda aliita, "huyo ndege ameyeyuka barafu?"

"Nje ameyeyuka. Ndani ataelewa akishafika kwenye mafuta."

Bi Verna Oquist, jirani wa Rhonda mlango kwa mlango, mzee aliyeendesha basi la shule miaka thelathini, alikuwa amekwisha kutoa kichwa kwenye rosheni yake.

"Nimempiga kofi huyo ndege kwenye ngazi, akalia kama mlango wa benki," alisema. "We Duane, mke kakukimbia, sasa unataka na nyusi zikukimbie?"

"Bi Verna, nitakuletea paja, utanyamaza mpaka Jumapili."

Duane akamtumbukiza ndege. Barafu na mafuta ya moto havijapata kupatana tangu dunia iumbwe. Mafuta yalipanda, yakamwagika, yakakuta gesi, na saa nane na robo rosheni zote zilikuwa zinawaka. Watu wote walitoka salama. Bi Verna alitoka na dawa zake za presha. Rhonda alitoka na ndala na bisibisi. Duane alitoka na bata mzinga, ambaye ndani bado alikuwa barafu.

Walisimama ng'ambo ya barabara wakitazama zimamoto wakifanya kazi. Paa liliporomoka saa tisa.

"Ile karatasi ya bima uliijaza, mwanangu?" Bi Verna aliuliza.

"Jengo lina bima," Rhonda alisema.

"Jengo lina bima ya jengo."

Rhonda aliikumbuka karatasi vizuri. Ilikuwa ukurasa wa tatu wa mkataba, imeandikwa kuwa mpangaji anashauriwa kukatia bima vitu vyake mwenyewe, na asiyetaka aweke sahihi hapa. Siku ile alimuuliza mwenye nyumba, Bwana Gerald Stumpf, kama jengo lina bima. Stumpf akasema, "Lina, tena nzuri sana." Hakusema uongo hata neno moja. Hapo ndipo wapangaji wa nchi ile wanapoteleza, mmoja baada ya mwingine, wasomi kwa wasiosoma. Wanasikia jengo wanadhani wamo na wao. Bi Verna alimwambia mara mbili kwamba bima ya mpangaji ni dola kumi na nne kwa mwezi, bei ya piza, lakini dola kumi na nne hizo zilikuwa zinakwenda kwenye kitanda.

Ijumaa asubuhi wapangaji walirudi na mifuko ya taka ili wachakure majivuni. Walikuta jengo limeanza kurudi. Matofali yalikuwa yanapanda kwa mstari, moja nyuma ya lingine, bila haraka, kama watu wanaopanda ngazi za kanisani. Masanduku ya barua yalikwisha kufika, na tarishi akatia barua akaenda zake. Saa sita ngazi zilirudi, na ule mlio wa kipandio cha tano. Stumpf alisimama kando ya barabara na kahawa na karatasi zake za bima, akitia alama kila kitu kinapofika.

"Bomba la jikoni," alisema, akaandika. "Vitasa kumi na viwili. Hivyo hapo."

Duane aliokota tofali moja lililokuwa likipita, akaligeuza. Upande wa nyuma lilikuwa na jina lake: Duane R. Trask. Akaokota la pili. Nalo lilikuwa na jina lake.

"Yote yako hivyo," Stumpf alimweleza. "Kampuni inanilipa mimi, halafu inakuja kukudai wewe. Ungekuwa na bima ya mpangaji ingezungumza nayo badala yako."

Duane akaliachia tofali liendelee na safari.

"Mimi haijarudi hata soksi," alisema, "lakini jina langu limeenea kuliko la gavana."

Jumamosi madirisha yalirudi na vioo vyake. Zulia liliota sakafuni kama majani, kahawia, jipya. Friji za Stumpf zilipanda ngazi zenyewe na kujisukuma kwenye nafasi zao. Alasiri ikawa zamu ya vitu vya Bi Verna, kwa sababu vilikuwa kwenye karatasi yake ya bima ya mpangaji, na kila kimoja alikipiga picha. Likaja kochi. Kikaja kitanda, na meza, na vijiko vikiwa ndani ya droo yake, na chupa ya jamu ya plamu iliyoliwa nusu, ikiwa imeliwa nusu. Siku hizo zote Bi Verna alikuwa analala hotelini na kupewa mayai asubuhi, vilevile kwa bima ileile. Alikuwa anaona haya kuyala.

Rhonda alifungua mlango wake akauacha wazi, akakaa chini sebuleni kusubiri. Fimbo ya pazia ilirudi bila pazia. King'ora cha moshi kilirudi kikajibana darini, kikalia mara moja kujijaribu. Kabati la bafuni lilirudi tupu. Kule chumba kidogo alisikia kitu kikigonga, akaenda mbio. Ulikuwa ni ule msumari wa nyuma ya mlango, unajikita ubaoni. Msumari ulikuwa wa Stumpf. Rhonda alisimama akiuangalia kwa muda, asije akatoka na koti likaja nyuma yake. Halikuja.

Alipiga simu kwenye kampuni ya bima, Jumamosi ileile. Msichana aliyepokea alikuwa na sauti nzuri.

"Naweza kukukatia sasa hivi, mama. Dola kumi na nne."

"Itarudisha kitanda?"

"Kiliungua lini?"

"Juzi."

"Basi hapana, mama. Bima inaanza leo kwenda mbele. Hairudi nyuma kuufuata moto."

Watu wa misaada walimpa blanketi mbili, na godoro la kujaza upepo. Ofisi ya watoto haihesabu godoro la upepo. Vitanda vya misaada vilikuwapo, ila mbele yake kulikuwa na familia arobaini, na zamu yake ingefika mwezi wa pili. Mshahara ulikuwa Ijumaa inayofuata, na Jumanne haikukubali kusogea.

Jumapili Bi Verna alirudi kutoka hotelini, akaangalia vile vyumba vitupu vya Rhonda, akavua koti.

"Shika huko miguuni," alisema. "Chukua changu. Mimi kochi lanitosha, mgongo wenyewe ulishakufa."

Walikibeba kitanda cha Bi Verna, wawili hao, wakakipitisha mlangoni, wakavuka ujia, wakakiingiza katika chumba kidogo na kukitua. Walipogeuka kufuata mto, kitanda kilikuwa kimekwisha rudi kwa Bi Verna, mahali pake, kimetandikwa. Wakakibeba tena. Safari ya pili Bi Verna alikikalia ili kisiondoke, na dakika hiyohiyo akajikuta amekaa chumbani mwake.

"Kimeandikwa jina langu," alisema kutoka ng'ambo.

"Najua, Bi Verna."

"Si kwamba nakinyima."

"Najua."

Walijaribu na kochi, kwa kuwa walikuwa wamekwisha anza. Kisha Rhonda akamwekea maji ya chai kwenye jiko la Stumpf, wakanywa kwa zamu katika kikombe cha Bi Verna, upande wa Bi Verna.

Jumanne saa nne kamili afisa alibisha. Aliitwa Ellen Marchetti, mama wa makamo mwenye mafua, na hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na karatasi yenye vimraba. Alishika hita, ikawa ya moto, akatia alama. Alisukuma kitufe cha king'ora, kikalia, akatia alama. Alifungua friji, akafungua bomba, akafungua dirisha akalifunga. Akaingia chumba kidogo.

"Kitanda kiko wapi, mama?"

"Kiliungua Alhamisi."

Bi Marchetti aligusa ukuta kwa kiganja, akanusa kiganja. Kilinuka rangi.

"Ukuta huu haujaungua."

"Ukuta una bima."

"Na kitanda?"

"Mimi ndiye sikuwa nayo."

Bi Marchetti alipenga kamasi, akaangalia darini, akaangalia sakafu. Mkobani alikuwa na taarifa ya zimamoto inayosema jengo liliteketea mpaka ghorofa ya kwanza, na hapa alikuwa amesimama katika ghorofa ya tatu. Akashusha kalamu kwenye kimraba kinachofuata.

"Nguo za baridi?"

"Kulikuwa na koti. Hapo kwenye msumari."

"Msumari nauona," alisema Bi Marchetti, akaandika.

Bi Verna alikuja kutoa ushahidi na picha alizopiga, ila zote zilikuwa za vitu vyake mwenyewe. Duane naye alipanda kusema kosa ni lake. Afisa aliliandika jina lake, ambalo tayari alikuwa ameliona mahali fulani, kwenye tofali lililopasuka pale mlangoni.

Jaji alisaini wiki iliyofuata. Alisema katika mwaka mzima hajaona mama aliyejitahidi hivyo, na maneno hayo yakaandikwa kwenye faili. Kisha akasema sheria ina tarehe, na tarehe imefika, na kitanda hakipo. Kaylin abaki alipo. Mama apewe saa moja ya kuagana.

Nayaandika haya kwa sababu kuna mtu sasa hivi ameshika kalamu juu ya ukurasa wa tatu, na ana mtoto, na anajiambia jengo lina bima. Kweli linayo. Muulize mwenye nyumba, hatakudanganya.

Saa ile ya kuagana iliangukia Jumamosi ya pili ya mwezi wa kwanza, saa nane mchana. Kaylin alikuja amevaa koti la watu wengine, zuri, linalomfaa. Bi Marchetti alibaki nje ujiani na karatasi zake.

"Chumba changu ni kipi?" mtoto aliuliza.

"Hiki."

"Mbona hakina kitu?"

"Viliungua."

"Mlango haujaungua."

"Mlango si wetu," Rhonda alisema.

Kaylin alifikiri, akaona sawa. Akauliza kitanda kilikaa upande gani. Rhonda akamwonyesha, chini ya dirisha, kichwa huku, droo huku. Mtoto akalala chali pale zuliani kupima kama angeenea, akapanua mikono. Alienea. Rhonda akalala kando yake, penye ukuta. Kaylin akamweleza kuhusu jino lililong'oka akiwa shuleni, na mbwa wa kule anayeogopa mashine ya kufyonza vumbi, na kwamba kule wanamwita Kay. Alisema hajali wanavyomwita. Halafu wote wawili wakatazama dari mpaka Bi Marchetti alipobisha kwa kidole kimoja.

Kaylin na Bi Marchetti walipoondoka, zulia lilibaki na umbo la mtoto. Lilikuwa jipya na nene, basi mtoto alikuwa ameonekana pale vizuri: visigino, mgongo, mikono iliyopanuka, na tundu dogo la kichwa. Rhonda alikaa karibu na mlango ili asilikanyage.

Lakini zulia lilikuwa la Stumpf. Nyuzi zilianza kuinuka kwenye visigino, mmoja mmoja, zikapanda miguuni, zikafika mgongoni. Rhonda aliweka kiganja juu ya pale pa kichwa akabonyeza, na nyuzi zikainukia katikati ya vidole vyake. Saa kumi na robo zulia lilikuwa limelala sawa kila pembe, kama lilivyoandikwa kwenye karatasi za Stumpf.