Mbuzi wa Idd

Nyanya Kabale alikuwa amemaliza kufagia nyumba yake ya Bulla Pesa wakati Fardosa, mjane wa mwanawe Jattani, alipofika na watoto kutoka Garbatulla. Safari hii alikuja na mume mpya.

"Salaam aleikum, mama," mwanamume huyo alisema.

"Aleikum salaam. Karibu."

Kabale alikuwa amedhani atalia siku hiyo ikifika. Machozi hayakuja.

Kila Idd, Jattani ndiye aliyemchinjia mbuzi.

"Mwaka huu nani atachinja?" Fardosa aliuliza kwa woga.

Kabale aliingia jikoni, akamletea mgeni kisu. Kisha akashika miguu ya mbuzi kama alivyozoea, bila kuhisi chochote.

Wakati wa kula, mjukuu mdogo alimwita mgeni baba. Kabale alisikia, akaendelea kupakua pilau.