Damu ya Tatu

Joto lilimpanda Jaliah akiwa amekalia gunia ghalani, ungo mapajani, akichambua kahawa. Lilianzia kifuani, likapanda shingoni, likamjaa usoni hadi masikioni. Alivuta ncha ya mtandio, akailowesha kwenye maji ya kunywa, akajibandika shingoni. Alipotazama ungo, punje nyeusi zilikuwa zimerudi kwenye fungu la nzuri. Mkono wake mwenyewe ndio uliozirudisha.

"Wee Jaliah!" msimamizi Wanzala alipaza sauti kutoka mlangoni. "Hiyo ni kahawa ya kwenda Ulaya, si maharage ya kwenu!"

"Nimesikia."

"Kila siku umesikia!"

Nambozo, rafiki yake aliyekaa naye ungo kwa ungo, akanyoosha mkono na kuzitoa zile nyeusi kimyakimya. "Nenda kwa musawo, yule mkunga, halafu uende kwa hao masheikh wako," akanong'ona. "Fungu lako nitamaliza mimi. Na usilie mbele yao, banange."

"Nani kasema nitalia?"

Hasira alikuwa nayo, tena ya haki. Sulait, dereva wa malori ya Jinja, alikuwa amempa talaka moja mwaka jana baada ya mavuno. Sababu alizitaja mbele ya ndugu zake bila haya: mke anatupa blanketi usiku, anahama kitanda kwenda kulala kwenye saruji, anafoka kwa jambo dogo, anasahau sufuria motoni. Hajafika hata miaka arobaini, kawa mwendawazimu! Akenda zake Jinja kwa mke wake mwingine, Rania. Jaliah akabaki kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya Sulait, mtaa wa Nabuyonga, akikaa eda, kama dini inavyotaka: aone damu yake mara tatu, ndipo awe huru. Kabla ya hapo, mume akitaka kumrejea ni neno moja tu. Mke haulizwi.

Damu ya kwanza ilikuja. Ya pili ilichelewa, ikaja kama bomba lililopasuka. Ya tatu ikagoma. Miezi ikapita. Huku nyuma Rania akachoshwa na Sulait, akafunga virago. Mama yake Sulait naye akapooza upande mmoja humo humo nyumbani, akawa wa kugeuzwa kitandani kila baada ya sala. Hapo ndipo bwana akakumbuka kwamba ana mke Mbale, akaitisha kikao msikitini.

Jaliah alikuwa amekwisha kuzunguka zahanati zote za mjini. Ya kwanza walimpa dawa ya malaria, ya pili ya taifodi. Ya tatu daktari kijana alimpima mimba, akaikosa, akasema ni mawazo. "Upunguze mawazo, mama." Ayapunguze kwa kisu?

Leo mkunga Wilkista alimketisha karibu na dirisha, akamuuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza. Usingizi ukoje? Joto linakuja wakati gani? Viungo vinauma? Mama yako hedhi yake ilikoma akiwa na umri gani?

"Alikuwa bado kijana. Watu walisema karogwa."

"Hakurogwa. Wala wewe huna wazimu. Hedhi yako imeanza kuaga, dada, na imeanza mapema. Inaweza kuja leo, inaweza kuja mwakani." Akamwambia avae nguo za pamba, apunguze chai ya moto na pilipili jioni, ale dagaa wa mukene na maziwa kwa ajili ya mifupa. Dawa za kurudisha homoni zipo, lakini katika hospitali kubwa, na kwanza apimwe presha na tezi ya shingo. "Damu ikija nyingi kupita kiasi, usikae nyumbani. Njoo."

Jaliah alitaka kumbusu mikono. Miaka yote ile ya kuitwa mkorofi, kumbe kitu kina jina!

Kwenye chumba cha ofisi ya msikiti, Sulait alikuwa ameketi na mjomba wake Tamim. Sheikh Faraj alikaa nyuma ya meza, macho chini kwa heshima, maswali bila heshima.

"Mama, damu ya tatu umeiona?"

"Sijaiona, sheikh. Mkunga anasema mwili wangu unaelekea kukoma. Mwanamke aliyekoma eda yake si miezi mitatu? Mimi nimekaa zaidi ya hapo."

"Waliokoma ni vikongwe. Wewe bado. Subiri damu."

"Nisubiri mpaka lini?"

"Mpaka ije."

"Nimpigie mkunga simu mumsikie?"

"Tusimamishe sheria kwa simu ya mkunga?" Mjomba Tamim akacheka.

Sulait akakohoa. "Ya nini maneno mengi? Shuhudieni: nimemrejea mke wangu Jaliah."

Basi, imekwisha. Sheikh akaitikia kwa kichwa.

Joto likampanda tena. Ni maradhi hayahaya yaliyomfanya afukuzwe, na sasa hayohayo ndiyo yanamfunga! Jaliah akainuka, akasukuma mlango. Nje wanaume walikuwa wakitawadha kwa ajili ya adhuhuri.

"Nyie waumini!" akaita. "Humu ndani wanaume watatu wanaulizia hedhi yangu. Njooni nanyi msikie! Nilivyolowesha godoro niwaambie? Matambara niliyofua niwaambie?"

Mifereji ikafungwa mmoja mmoja. Hakuna aliyemtazama.

"Astaghfirullah!" Sheikh alitoka mbio. "Mama, hayo ni mambo ya siri!"

"Yamekuwa siri sasa? Mlipokuwa mnaniuliza hayakuwa siri?"

Akasogea kwenye mfereji uliokuwa karibu, katikati yao, akanawa uso polepole. Sulait alimfuata hadi getini. "Umeniaibisha. Nenda nyumbani, mama anataka kugeuzwa."

Jaliah akampita. Alirudi ghalani kwenye ungo wake.

Alasiri ikaadhiniwa. Muda mfupi baadaye tumbo likamkata chini ya kitovu, mkato anaoujua tangu usichana. Akakimbilia chooni nyuma ya ghala. Alipotoka alikuwa akicheka, cheko baya, na machozi yanamtiririka.

"Nini tena?" Nambozo akashtuka.

"Imekuja."

"Ya tatu? Haraka, kamwambie sheikh!"

"Nimwambie nini? Neno limeshasemwa. Ingewahi mchana tu, Nambozo. Mchana tu!"

Akafuta uso kwa mtandio, akajifunga khanga ya pili kiunoni. Ungo akauegemeza ukutani.

"Leo nalala kwako Nakaloke. Na kesho."

"Sulait akija kukuulizia hapa?"

"Mwambie mama yake hugeuzwa kila baada ya sala," Jaliah alisema. "Na alasiri imeshapita."