Vijiti vya Hamza

Adhana ya alfajiri ilipokwisha, Hamza alikuwa ameshafika kwenye ua wa michongoma, tochi mkononi, akipaza sauti kwa raha zake.

"Mluguru we! Diwani amepita huku! Kaacha maendeleo!"

Diwani alikuwa mbwa. Binti wa Fidelis, jirani wa Hamza, ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu tangu angali mdogo alimbwekea kila mtu na hakuna kazi aliyoifanya. Binti akaolewa Dodoma, mbwa akabaki.

Uchochoro uliotenganisha nyumba zao ulikuwa njia ya mkato ya kwenda msikitini. Usiku watu wa Kilakala walifungua mbwa walinde, na mbwa, baada ya kulinda, walikwenda haja uchochoroni. Hamza alikuwa wa kwanza kupita. Kila alipokuta rundo la mavi alichomeka kijiti pembeni, chenye kipande cha mfuko wa plastiki kileleni, ili anayemfuata asikanyage najisi ikambidi arudi nyumbani kujitoharisha. Kisha ndipo alipoita. Fidelis alitoka na chepe na ndoo ya majivu.

"Hili si la Diwani," alisema, ameinama. "Diwani anakula ugali na dagaa. Hili lina manyoya. Huyu kala panya."

"Jamani sikieni! Mwanamume mzima, kafundisha baiolojia mpaka kastaafu, sasa anasoma mavi!"

"Afadhali mimi nasoma. Babu yako alibeba pembe za ndovu toka Tabora mpaka pwani, asijue hata anampelekea nani."

"Na wako alikuwa huko mlimani kajificha kwenye migomba, anachungulia, anaogopa kushuka!"

"Wazee wazima nyie," Mwanahawa, mke wa Hamza, aliwaambia kutoka dirishani. "Watu wamelala."

Hamza alikuwa Mnyamwezi. Reli ilimleta Morogoro kijana, ikamstaafisha hapo hapo. Wanyamwezi na Waluguru ni watani, na utani haumuulizi mtu kama anautaka. Unaukuta, kama unavyoukuta mlima. Sheria yake kuu ni moja: mtani hakasiriki. Na siku ya msiba, yeye ndiye mwenye ruhusa ya kuwachekesha wafiwa.

Fidelis aliamini mambo yanayopimika. Mara nyingi alikuwa na hakika kwamba rundo si la mbwa wake, lakini alizoa yote. Jambo moja hakuwahi kulipima: sauti ya Hamza haikumwamsha yeye. Ilimwamsha Regina, mkewe, naye akamgusa mbavuni. "Amka. Mtani wako anakuita."

Regina alikufa wakati wa masika. Daktari alieleza ugonjwa ulivyoanza na ulivyosambaa. Fidelis alielewa kila neno, na kuelewa hakukumsaidia kitu.

Waluguru humzika mtu kwenye ardhi ya ukoo wa mama yake, kwa hiyo jeneza lilipaswa kupandishwa Matombo siku hiyo hiyo. Gari lilipowashwa, Hamza alisimama mbele yake. Alikuwa amejifunga kiunoni khanga ya Regina aliyoianua kambani, chepe begani.

"Haondoki mtu!" alisema. "Regina, unakwenda zako, huyu unamwachia nani? Mavi ya mbwa wake mwenyewe hayaoni mpaka uamshwe wewe, umwamshe yeye! Kesho nimpigie nani kelele? Nimpigie Diwani?"

Watu walicheka. Editha, dada wa Regina, ambaye alikuwa hajaweza kusimama tangu usiku, alicheka mpaka akashika ukuta.

Fidelis hakucheka. Maneno yale yalikuwa kweli tupu, na alikuwa hajayajua mpaka dakika ile.

"Toka kwangu," alisema. "Na usinizoee tena."

Kicheko kilikatika. Hamza alifungua khanga, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kiti.

"Samahani, Mwalimu," alisema.

Katika miaka yote ya ujirani hakuwahi kumwita Mwalimu.

Tangu hapo walisalimiana. "Habari za asubuhi, Mwalimu." "Nzuri, Mzee Hamza. Za kwako?" "Tunashukuru." Halafu kila mmoja alishika njia yake. Hakuna mtu angeweza kupata kosa katika maneno hayo.

Uchochoro nao ulikuwa safi. Vijiti havikuonekana, kelele hazikusikika. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa amebandika tangazo kwamba kila mwenye mbwa amfunge, na Fidelis alihitimisha kwamba tangazo limefanya kazi. Hakwenda kuangalia kama mbwa kweli wamefungwa. Diwani mwenyewe hakuwa amefungwa. Regina ndiye aliyekuwa akimshughulikia, na baada yake hakuna aliyekumbuka. Fidelis sasa alilala mpaka jua linapopiga pazia.

Jumapili moja mwezi wa sita, akielekea misa ya kwanza, alikanyaga.

Alivua kiatu, akasimama kwa mguu mmoja, akatazama. Marundo yalikuwa kila mahali, mengine mabichi, mengine yamekwisha kukauka. Hapakuwa na kijiti hata kimoja. Kwenye kona ya ua wa jirani yake palikuwa na chepe na ndoo ya majivu. Si chepe lake. Nyuma ya ndoo, chini ya mgomba, ardhi ilikuwa imechimbwa na kufukiwa, ikachimbwa na kufukiwa tena, eneo la upana wa kitanda.

Alimkuta Mwanahawa barazani akitia uji kwenye chupa ya chai.

"Mzee yuko hospitali tangu juzi," alisema kabla hajaulizwa. "Presha. Upande mmoja umelala."

"Sikujua."

"Ungejuaje, shemeji? Nyie siku hizi ni watu wa salamu."

Fidelis alikuwa bado ameshika kiatu. "Ni yeye aliyekuwa anazoa?"

"Tangu msiba wa dada Regina. Alisema mfiwa aachwe alale." Alifunga chupa, akaikaza. "Akishamaliza anasimama pale kwenye kona ya ua. Anasimama tu. Nikamwambia, si umwite? Akasema, mtani akikasirika, aliyekasirika ndiye anayefungua. Yeye aliambiwa atoke."

"Anafungua vipi?"

Mwanahawa alimtazama kama anayetazama mtoto. "We Mluguru gani usiyejua? Ungemtukana tu. Hata tusi dogo. Angelala usingizi."

"Nitakwenda leo."

"Jioni ndiyo wanaruhusu. Nenda. Kusema hawezi vizuri, lakini anasikia."

Fidelis hakwenda misa. Alizoa uchochoro mzima kwa chepe la Hamza, akafukia chini ya mgomba ule ule. Kisha alikaa jikoni na Diwani miguuni, akatafuta tusi. Mtu aliyezoea kuandika ubaoni bila kufuta, sasa alitunga, akafuta, akatunga tena. Tusi kwa mgonjwa lilihitaji kipimo: likizidi linaumiza, likipungua linakuwa pole. Mchana ulipopinda alikuwa amelipata. Alilisema kwa sauti mara kadhaa. Diwani alitikisa mkia.

Alikuwa ameshavaa koti la kwenda hospitali aliposikia kilio nyumbani kwa Mwanahawa. Mwanzoni kilikuwa cha mtu mmoja. Kisha wengine wakaitikia.

Walimzika kesho yake baada ya adhuhuri. Vijana walipolitoa jeneza na kuingia nalo uchochoroni kuelekea msikitini, walimkuta Fidelis amesimama katikati ya njia, chepe begani. Juu ya suruali yake alikuwa amejifunga khanga ya Regina, bado ina alama za mikunjo minne.

"Hapiti mtu!" alisema. Sauti ilitoka kama ya darasani.

Luqmani, mpwa wa Hamza, aliyekuwa amebeba mbele, hakujua afanye nini. "Mwalimu, tafadhali. Tupishe, baba."

"Sisemi na wewe. Nasema na huyo aliyelala." Akainua uso kuelekea jeneza. "Mpagazi we! Nani kakuruhusu kutua mzigo? Babu yako alifika pwani kwa miguu, wewe hata kona ya ua umeshindwa! Diwani kapita huku, kaacha maendeleo, na wewe unabebwa kama bwana harusi! Amka!"

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja wa reli, mtu wa Tabora, alisema taratibu kutoka nyuma, "Mtani wake huyo. Mwacheni amalize."

Lakini alikuwa amemaliza. Katika utani mmoja akishasema, wa pili hujibu. Fidelis alikuwa amefundisha mwili wa binadamu kwa miaka mingi. Alijua ni kiungo gani husimama kwanza na ni kipi hufuata. Pamoja na hayo alingoja. Wabebaji walibadilisha mabega. Walingoja naye, kwa heshima, mpaka ikawa hakuna tena cha kungojwa.

Akasogea, mgongo ukaingia kwenye michongoma. Jeneza likapita, na watu nyuma yake, wakitembea katikati ya njia bila kutazama chini, kwa kuwa njia ilikuwa safi.

Walipopotea kwenye kona, Diwani alitoka getini, akanusa huku na huku, akachuchumaa katikati ya uchochoro. Ugali na dagaa. Hakukuwa na haja ya kuinama.

Fidelis alikata kijiti kwenye ua, akachana kipande cha mfuko wa plastiki, akakifunga kileleni, akakichomeka pembeni ya rundo. Kisha akaenda kusimama kwenye kona ya Hamza, mahali nyasi zilipokuwa zimelala kwa kukanyagwa. Kutoka pale dirisha la chumba chake mwenyewe lilionekana vizuri, na pazia lilikuwa limefungwa.