Dakika ya Ishirini

…na wanacheka, jamani, wanacheka kweli, ukumbi mzima wa sinema, filamu yenyewe bado haijaanza, Octave Brémond kakaa kiti cha mbele na fimbo yake katikati ya magoti, jukwaani mtangazaji anasoma kwa madaha yale aliyoyaandika Octave, mhakiki wa filamu, gazetini mwaka wa sitini, "filamu ya mchinja nyama, tena asiyejua kazi," siku hizi tusi la zamani ni nishani, wamelibandika hata kwenye bango la nje, na Solène, binti wa marehemu Firmin Delcasse aliyeitengeneza, anamfinya mkono, "Usijali, Bwana Brémond, enzi zile kila mtu alitishika," enzi zile, laiti angetishika, alikuwa na miadi ya chakula, chaza na mvinyo mweupe, akatoka dakika ya ishirini, yule shangazi wa kwenye filamu hata hajatupwa kisimani, yaliyobaki akayasikia mkahawani kwa wenzake, akaandika huku anajifuta siagi vidoleni, na Delcasse hakupewa kamera tena, akaishia mji wa Limoges kufundisha watoto kuchora… "Lakini wewe ulikiri kosa, wangapi wanaweza? Makala yako ya pili nilimsomea baba hospitalini, mara tatu, akaniambia basi, sasa naweza kulala," Mungu wangu, ya pili, miaka thelathini baadaye vijana walianza kuiita filamu kuu ya kutisha ya Ufaransa, akaona haya kuachwa nyuma, akaandika "nimeitazama upya," upya! hakuitazama, alidokoa maneno ya vijana akayapamba, amwambie sasa? amwambie baba yako alilala kwa uongo wangu, ili yeye apumue na huyu abebe? "Mkono wako wa baridi, unaumwa?" "Uzee tu, binti yangu," mwoga wewe, Octave, mwoga mpaka kaburini, basi leo aitazame yote, hata kibofu kimbane, hiyo ndiyo adhabu… na hapo wazo linamchoma, kwa sababu miaka yote amejuta akiamini ni nzuri, kisa wote wanasema ni nzuri, je, kama ni mbaya, mbaya kabisa, basi uongo wake wa kwanza ulikuwa kweli, na ule wa pili, uliomlaza mzee wa watu, ndio uongo mtupu, taa bado zinawaka, watu bado wanacheka, mkono wa Solène bado uko juu ya wake, na Octave, ambaye hajasali tangu utotoni, anamwomba Mungu filamu iwe nzuri.