Mkono Mtupu, Bati Tupu

Kaka yangu alisema Jumamosi anakuja kumchukua baba, na yeye akisema amesema. "Hakujui hata wewe," aliniambia kwenye simu. "Mara mbili kapotea njiani, watu wakamrudisha. Kama hakujui, kuna tofauti gani akae kwako au kwangu? Kwangu yupo wa kumwangalia mchana kutwa." Nilimjibu maneno ambayo dada hamwambii kaka yake, tena mkubwa. Kisha nikamwomba radhi. Kisha nikamwomba jambo moja: siku hiyo akifika, baba akinitambua mbele yake, amwache abaki. Akaguna. "Haya. Akikutambua."

Ilikuwa Jumatatu. Mimi ni fundi rangi, sijui dawa nyingine duniani ila rangi. Nikaenda kuvua turubai lililofunika gari kuukuu la baba, lile la taa za duara, lililokuwa likiozea nyuma ya gereji aliyoniachia, vijana wa mtaa wakanisaidia kulisukuma ndani. Lilikuwa limepakwa mara nne. Juu nyekundu, chini yake bluu, chini yake nyeupe, na chini kabisa kijani alichokipiga kwa mkono wake mwaka niliozaliwa. Nikajiambia, nikifika kwenye kijani atanijua. Msinicheke. Mfa maji haachi kutapatapa.

Siku mbili nilikwangua. Nililala chali chini ya gari nikibandua lami ya kuzuia kutu, vipande vinaniingia machoni, nikimlaani aliyeipaka, na aliyeipaka ni mimi. Juu nilipaka dawa ya kutoa rangi, ikavimba, ikajikunja kama utando wa maziwa, nikaikomba. Nyekundu ikatoka. Bluu ikatoka. Nyeupe iling'ang'ania kama mgeni asiyejua kuaga. Baba alikaa kwenye kiti chake mlangoni, akinitazama kwa adabu, ile adabu ya mtu aliyepeleka gari kwa fundi asiyemjua.

"Pole na kazi, fundi."

"Ahsante, baba."

"Wazazi wako wazima?"

Jamani! Nimjibu nini mtu huyu?

Jumatano asubuhi kijani kikachungulia kwenye mlango wa gari, upana wa sahani, kisha mlango mzima. Nikamshika baba mkono, nikamleta. "Tazama, baba." Akainama, akatazama sana.

"Rangi nzuri," akasema. "Gari la nani hili?"

Nilikasirika, sifichi. Nikaitupa skrepa ya kukwangulia ikagonga ukuta. Nikachukua brashi ya waya na msasa, nikakitoa hicho kijani chenyewe, siku ile na Alhamisi yote, mpaka bodi nzima ikabaki bati tupu. Kazi ya mwendawazimu. Na bati tupu haliachwi hivi hivi, sharti lipigwe praima, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, siku ile ile. Lakini mvua ilikuwa inanyesha, umeme umekatika, kompresa ya kupulizia rangi imenyamaza. Maji yalikuwa yamenifika shingoni. Nikaliacha gari kama lilivyo, nikaingia ndani ya nyumba kulia.

Katika gereji hii baba alikuwa na sheria moja: mkono mtupu haugusi bati tupu. Jasho la kiganja lina chumvi, na chumvi inaleta kutu. Ukipaka rangi juu yake, mwaka hauishi itavimba. Nilipokuwa na miaka saba niligusa boneti la mteja, na asubuhi yake vidole vyangu vikatokea vyote vitano, vyekundu. Alinifokea mtaa wa pili wakasikia. Kisha akanipa msasa, akakaa kando yangu mpaka nikamaliza.

Ijumaa asubuhi nikaingia na glavu zangu na kopo la praima. Katikati ya mlango wa dereva palikuwa na kiganja. Kikubwa, chenye rangi ya kutu, na kidole cha kati kifupi, kile kilichokatwa na mashine nikiwa bado sijaanza shule. Alikuja kuligusa gari mimi nikiwa ndani nalia.

Nyuma yangu nikasikia ndala zake.

"Nani kashika hapa?"

Sauti ile! Miaka mitatu sikuwa nimeisikia.

"Nauliza nani kashika hapa? Mkono mtupu haugusi bati tupu, nimesema mara ngapi? We Kiroboto!"

Kiroboto ni mimi. Yeye ndiye aliyenipa jina hilo kwa kuwa nilikuwa situlii mahali, na tangu mama afariki hakuna aliyeniita hivyo.

"Ni mimi, baba," nikasema. "Nisamehe."

"Masikio umeyaweka ya urembo tu! Lete msasa."

Nikaleta. Akavuta ndoo, akaketi kando yangu, akanisimamia. "Taratibu, Kiroboto. Huchuni mbuzi hapo." Nikasugua huku machozi yananidondoka, na yeye ananikaripia nisililoweshe bati. Nilisugua polepole kuliko nilivyowahi kusugua maishani. Kidole kimoja kikaondoka, kisha cha pili. Niliomba kiganja kile kisiishe. Kikaisha. Nikafuta vumbi, mlango ukawa safi.

"Umepatia, fundi," akasema, kwa adabu yake ileile. "Mimi nina binti yangu, naye anapenda sana kazi hii. Sijui yuko wapi leo."

Umeme ulikuwa umerudi, kompresa inanguruma, praima iko miguuni pangu, na kaka alikuwa anafika kesho saa tatu asubuhi.

Nikaizima kompresa. Nikauchukua mkono wa baba, una jasho. Nikamtanua vidole, nikaubandika katikati ya mlango, nikaukandamiza kwa mkono wangu.

"Fundi," akaniuliza, "hivi inaruhusiwa?"

"Inaruhusiwa, baba," nikasema. "Tulia kidogo."