Mtoto Aliyeandikiwa Kilo za Mwenzake

Mabinti wawili walizaliwa wakipishana dakika kumi na moja. Wa kwanza alitoka analia, na tangu siku hiyo hakujua maana ya kunyamaza, ndipo baba yao akamwita Kengele. Wa pili alitoka kimya. Mkunga alimsugua mgongo mara tatu ndipo akatoa kasauti kama ka mlango unaodai mafuta. Huyo akaitwa Mgeni, maana alilala kitandani kama mtu aliyefika ugenini na hataki kuwasumbua wenye nyumba. Majina yao halisi yalibaki kwenye kadi za kliniki. Nyumbani walikuwa Kengele na Mgeni.

Baba yao alikuwa karani wa ghala la nafaka kwa miaka tisa. Ghala lilifungwa wiki mbili kabla watoto hawajazaliwa. Mama yao alikuwa mshonaji katika kiwanda cha sare, na likizo yake ya uzazi ilipokwisha, mmoja ilibidi atoke na mwingine abaki. Mwenye kazi akatoka.

Mama mkwe, mama wa huyo mshonaji, alikuja siku hiyo hiyo, hata kiti hakukaa.

"Nipeni mmoja," alisema. "Mwanaume na mapacha wapi na wapi? Mmoja tu atamtoa jasho."

"Mama," baba watoto akamjibu, "hawa wamekaa chumba kimoja miezi tisa hawajagombana. Leo tuwatenganishe sisi?"

Mama mkwe alicheka kidogo, lakini macho hayakucheka. "Haya. Ila kila siku ya kliniki nipigiwe simu, niambiwe kilo. Nikisikia mmoja anarudi nyuma, nakuja kumchukua, na hodi sitapiga."

Basi ndivyo walivyokubaliana. Tangu hapo yule baba aliishi na neno hilo moja kichwani: nisishindwe, wasije wakaninyang'anya mtoto.

Na kwa kweli alijituma. Saa kumi na mbili asubuhi mkewe akishawanyonyesha na kuondoka, yeye alichemsha chupa, akaloweka nepi na kupika uji kwa mkono mmoja, Kengele akiwa mgongoni. Kamba ya nguo ilijaa nepi kutoka ukuta hadi ukuta, hata jua likawa halioni pa kuingilia. Akipita kwenda dukani, watu wa kwa kinyozi walimngoja.

"Mama Mapacha, shikamoo! Leo unanyonyesha saa ngapi?"

"Nikimaliza zamu ya nyumbani nakuja kukunyonyesha na wewe," alimjibu kinyozi bila kusimama. "Naona hujaachishwa."

Walicheka wote, na yeye alicheka. Lakini kurudi nyumbani alipitia uchochoro wa nyuma.

Sasa angalia jinsi jambo lilivyoanza, kwa sababu halikuanza kwa ubaya. Watoto wakiamka, Kengele alilia mpaka fundi cherehani wa chumba cha pili akagonga ukuta. Utamlisha nani kwanza? Utamlisha anayelia. Kengele alikunywa, akatema, akataka tena, akabebwa, akabembelezwa. Baba akimaliza, anamkuta Mgeni amejilalia na ngumi mdomoni. Anamtilia chupa, Mgeni ananyonya mara tano sita, macho yanafumba. "Huyu hana shida," baba anasema. "Ameshiba huyu. Laiti wote wangekuwa hivi." Chupa iliyobaki nusu anapewa Kengele.

Mgeni hakudai. Wewe unayesoma, kama una mtoto asiyedai, usimsifu. Mwamshe.

Watoto walipofika mwezi wa tano, baba aliwapeleka kliniki wote wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Mabenchi yamejaa akina mama.

"Mama yao yuko wapi?" nesi akauliza.

"Yuko kazini."

"Na wewe?"

"Na mimi niko kazini, dada, hunioni?"

Akina mama walicheka, wakasogea kumpa nafasi. Kengele alikuwa na kilo sita na robo. Mgeni, kilo tano na nusu. Nesi aliishika kadi ya Mgeni muda mrefu kidogo.

"Huyu ameanza kushuka. Ale mara nyingi, hata asipolia. Mwezi ujao nimwone bila kukosa. Tumeelewana, baba?"

"Tumeelewana."

Jioni alimpigia mama mkwe, akamsomea kilo kama zilivyo. Mama mkwe akasema, "Mwezi ujao nisikie vingine. La sivyo nafunga safari." Akakata simu.

Mwezi uliofuata, siku ya kliniki, mvua ilinyesha tangu asubuhi. Mgeni alikuwa ndiyo kwanza amelala baada ya kuhangaika na mafua. Baba alisimama na miavuli yake miwili, akatazama mtoto, akatazama mvua. Akamwomba fundi cherehani amsikilizie yule aliyelala, akatoka na Kengele peke yake. Ndivyo alivyojiambia: mvua. Lakini nyuma ya mvua kulikuwa na kitu kingine. Alikuwa amemshika Mgeni mapaja asubuhi ile akimvalisha, na mikono ya mtu aliyepima magunia miaka tisa haidanganyiki kuhusu uzito.

Kengele alipimwa, kilo sita na gramu mia nane. Nesi siku hiyo alikuwa mwingine, hakuuliza kitu.

Nyumbani baba alikaa mezani na kadi mbili. Ghalani, magunia yakija kwa lori moja kutoka shamba moja, huyapimi yote mia tatu. Unapima moja, unaandika yote, na mkubwa anatia sahihi. Miaka tisa amefanya hivyo na hakuna aliyewahi kulalamika. Hawa nao lori lao moja, shamba lao moja. Akachukua kalamu. Kwenye kadi ya Mgeni akaandika kilo sita na gramu mia sita. Alipunguza gramu mia mbili, ili ifanane na kweli. Hapo ujue kwamba alijua anachokifanya.

"Sita na mia sita!" Mama mkwe alipiga kigelegele kwenye simu. "Mwanangu, nilikudharau. Nisamehe."

Mkewe aliporudi na nyuzi za kiwandani bado zimeganda kwenye kitambaa cha kichwa, alizisoma kadi zote mbili. Akamwinamia Mgeni, akambusu kwenye utosi. "Kumbe mwenzangu unakula," alimwambia mtoto. "Mimi nilikuona mwepesi nikaogopa bure." Baba alikuwa anakung'uta godoro. Aliendelea kulikung'uta hata vumbi lilipokwisha.

Mwezi wa saba hakukuwa na mvua. Hata hivyo Mgeni alibaki. Kalamu safari hii haikusita: kilo saba na gramu mia moja.

Wiki mbili baadaye watoto walianza kuharisha. Kengele alilia siku nzima, akajirusha, akataka maji, akayapata. Baba alimchanganyia maji ya chumvi na sukari, akamnywesha kijiko kwa kijiko huku akitembea naye chumbani. Mgeni alilala. Alipopewa kijiko, maji yalitoka pembeni mwa mdomo. "Wewe pumzika," baba alimwambia, "ngoja nimalizane na huyu mwenye vurugu." Siku ya pili, saa tano hivi, Kengele alilala kwa uchovu. Nyumba ikatulia. Baba alikaa chini, akashukuru, akafumba macho.

Fundi cherehani ndiye aliyeingia kuazima pasi.

"Leo kwema, hata sijagonga ukuta," alisema. Akainama juu ya mkeka. Sauti ikabadilika. "Baba Kengele, njoo umwone huyu. Njoo haraka. Utosi umebonyea."

Macho ya Mgeni yalikuwa nusu wazi, yameingia ndani. Baba alimnyanyua, na mikono ikapaa juu kupita alivyotegemea, kama mtu aliyenyanyua ndoo akidhani imejaa.

Hospitalini daktari alikuwa binti mdogo, anaongea upesi. Alimweka Mgeni kwenye mizani, akasoma, akasoma tena.

"Kadi iko wapi?" Akaifungua. "Wiki mbili zilizopita alikuwa na kilo saba na gramu mia moja. Leo ana tano kasoro. Baba, hizi kilo mbili zote ameharisha kwa siku mbili?"

Baba alifungua mdomo. Wakati huo huo mlango ulisukumwa, mkewe akaingia na sare ya kiwandani, ameitwa na fundi cherehani, na nyuma yake mama mkwe, aliyefunga safari tangu aliposikia watoto wanaharisha, viatu mkononi, anahema.

"Ndiyo," baba akasema. "Siku mbili."

"Juzi juzi tu alikuwa na saba, daktari," mkewe akadakia. "Nimeona kwa macho yangu kwenye kadi."

Basi daktari akaamini, mtu gani asingeamini kadi? Aliwaambia wauguzi waongeze dripu, iende kwa kasi, maana mtoto aliyepoteza maji mengi hivyo ghafla anarudishiwa upesi. Baba alisimama ukutani akimshika Kengele. Aliona matone yakikimbizana kwenye mrija. Nusu saa aliyatazama. Mgeni alianza kupumua kwa shida, kifua kinaingia ndani.

"Si siku mbili," baba akasema.

Hakuna aliyemsikia. Akasema kwa nguvu, mpaka Kengele akashtuka na kulia.

"Si siku mbili! Hajapimwa tangu mwezi wa tano. Kilo za kwenye kadi si zake. Ni za huyu. Mimi ndiye niliyeziandika."

Daktari hakumgombeza. Alikimbia kwenye dripu na kuipunguza mpaka matone yakawa moja moja, akaita wenzake. "Huyu amekondeana kwa miezi," alisikika akiwaambia. "Hakutakiwa maji ya kasi, moyo wake hauyawezi."

Mkewe alikuwa amesimama palepale.

"Uliandika wewe?"

"Mimi."

"Na ile siku nilipombusu, ulikuwa unakung'uta godoro. Ulijua?"

"Nilijua."

Mama mkwe, aliyekuwa na maneno ya kila kitu, alikaa sakafuni, akaviweka viatu vyake kando, akavipanga.

Mgeni alikufa kesho yake saa nane mchana. Alikufa kama alivyoishi, bila kumsumbua mtu. Muuguzi aliyekuwa hatua tatu kutoka pale hakusikia kitu. Baba alimfuata daktari kwenye korido.

"Ile nusu saa," alimuuliza. "Ile nusu saa niliyonyamaza. Ndiyo iliyomuua?"

Daktari alivua miwani, akaishika. "Alikuja akiwa dhaifu sana, baba. Pengine asingepona hata kama ungesema mlangoni. Pengine angepona. Siwezi kukudanganya, sijui."

Na hilo ndilo alilopewa aondoke nalo.

Watu walijaa msibani. Kinyozi alikuja, akakaa karibu naye kutwa nzima bila kutania, kila mara akimwambia, "Umejitahidi kaka, hakuna mwanaume mtaa huu angeweza." Mke alisikia, akaendelea kugawa chai. Hakumwambia mtu yeyote habari ya kadi. Baba angependa aseme. Angependa apige kelele, amkunje shati mbele za watu. Usiku wa pili alimwambia, "Nitukane basi." Mkewe akamjibu, "Sina nguvu hizo," akageukia ukutani.

Siku ya nne mama mkwe alifunga mizigo. Mke aliomba ruhusa kiwandani, anakwenda kukaa kwa mama yake na Kengele. Kwa muda gani, hakuna aliyetaja wala aliyeuliza. Kengele, aliyekuwa mikononi mwa mama yake, alilia tangu alfajiri, akijipinda na kumnyooshea baba mikono. Mama alijaribu bega la kulia, la kushoto, akamlaza, akamsimamisha. Mwishowe akamtazama mumewe usoni kwa mara ya kwanza tangu hospitali.

"Mimi namjua asubuhi na jioni tu," alisema. "Nionyeshe."

Akamwonyesha. Walikaa kitandani wawili, mtoto katikati. Alimwonyesha jinsi Kengele anavyotaka kubebwa, tumbo likiwa juu ya mkono, uso unatazama chini. Alimwonyesha chupa inavyoinamishwa ili asimeze upepo. Uji wake usiwe wa moto wala wa baridi, mwangalie sikio, akianza kulivuta ana usingizi, usimcheleweshe. Alimwonyesha wimbo, ambao haukuwa wimbo, ulikuwa hesabu ya magunia kutoka moja mpaka ishirini. Mke alirudia kila kitu kama mwanafunzi. Kengele alipotulia mikononi mwa mama yake, wote wawili walimwangalia kifua kama kinapanda.

"Na akikaa kimya muda mrefu?" mke akauliza.

"Mwamshe," baba akasema. "Hata kama amelala vizuri. Hata kama umechoka. Usishukuru. Mwamshe."

Mke alitikisa kichwa kukubali. Baba akajua amemaliza kumfundisha, na kwamba hakuna kingine cha kumfanya akae. Yeye mwenyewe alimfungia mtoto mgongoni mwa mama yake, akaukaza mkunjo wa kanga, akaujaribu kwa vidole viwili.

Walikuwa wameshafika kwa kinyozi alipokumbuka. Akatoka mbio mpaka barabarani, na kandambili mguu mmoja.

"Ukimwogesha anza na miguu!" alipaza sauti. "Ukianza na kichwa anaogopa!"

Mama mkwe ndiye aliyegeuka, akasimama kidogo. Kisha akaendelea na safari.

"Nimesikia," mke alijibu bila kugeuka.

Kengele alianza kulia tena. Baba alisimama kati ya barabara akimsikiliza, mwenye pikipiki akampigia honi, akasogea pembeni, akaendelea kusikiliza mpaka kilio kikapinda kona.